Vimaua vya kahawia kwa mawe na montipora inayoisha ukingoni: jibu kwa dada wa Nakuru

Swali lilikuwa refu, nimelifupisha:

"Habari daktari wa matanki. Niko Nakuru pande za Milimani, nina tanki ya maji chumvi lita 200 imemaliza mwaka na kitu. Miezi mitatu imepita tangu ninunue vipande vitatu vya matumbawe kwa jamaa wa Nairobi, viwili montipora na kimoja zoa. Saa hii mawe yamejaa vimaua vidogo vya kahawia, nikivikwangua na kisu wiki ijayo vinarudi vingi zaidi. Halafu montipora ya kijani inageuka nyeupe kuanzia ukingoni. Fundi wa huku amesema nitoe mawe yote nichemshe. Mwingine akaniambia niweke dawa ya minyoo ya ng'ombe kutoka agroveti. Nimfuate nani? Na nikishindwa niuze tu tanki?"

Dada, pole sana, na usimfuate hata mmoja wao. Mimi si daktari pia, ni fundi tu wa matanki hapa Kisumu, lakini hiyo ya kuchemsha mawe acha niianze nayo juu inaeza kukutoa uhai, sisemi kwa utani. Umesema uko na zoa, vile viumbe laini vya vitufe vinavyofunguka kama maua. Zoa na ndugu zao wa Palythoa, si wote lakini wengine, hubeba sumu inaitwa palitoksini, na hiyo ni kati ya sumu kali zaidi zinazojulikana kutoka kwa kiumbe hai, Moore na Scheuer wa Hawaii waliitoa na kuiandika 1971. Haiharibiki kwa kuchemshwa. Ukiweka jiwe lenye hivyo vitu kwa sufuria, mvuke unapanda na sumu ndani yake, na wewe uko hapo jikoni unaivuta, watoto wako sebuleni wanaivuta, na paka. Mwezi wa tatu 2018 kule Uingereza, kijiji kinaitwa Steventon, familia ilikuwa inasafisha tu tanki yao nyumbani, wakaishia hospitali pamoja na polisi waliokuja kuwaangalia.

Kwa hivyo usichemshe, usimwagie maji moto jiwe lenye zoa, usilisugue na brashi likiwa nje ya maji, na kila ukiingiza mkono kwa tanki vaa glavu, na kama unakata au kukwangua vaa pia miwani ya kuzuia maji machoni, zile za hadwea zinatosha. Ikitokea umeshika shika hivyo vitu halafu baadaye mdomo unakuwa na ladha ya chuma, kifua kinabana, una homa na misuli inauma, usikae nyumbani ukidhani ni malaria, nenda hospitali na uwaambie wazi kwamba umeshika matumbawe ya tanki, kwa sababu daktari wa Nakuru hana vile atawaza hilo bila kuambiwa.

Na hata kama hakungekuwa na sumu, mawe yako ndiyo filta yako. Bakteria wanaokula amonia wanakaa humo ndani, ukiyachemsha wote unarudisha tanki ya mwaka mzima mwanzo kabisa na samaki wako wanaanza kukaangwa na amonia.

Sasa huyu wa agroveti. Yeye angalau namuelewa ametoa wapi wazo lake, juu ni kweli kuna watu wa matanki wanaotumia levamisole kuua minyoo bapa, lakini yeye ameruka hatua moja kubwa: hajaangalia ni mdudu gani. Hivyo vimaua vyako si minyoo. Ni anemoni. Na kinachokula montipora yako, nitakueleza venye utahakikisha, haikosi ni konokono asiye na gamba, huyo pia si mnyoo. Sasa unamwaga dawa ya ng'ombe, imepimwa kwa kilo mia tatu za ng'ombe, mara nyingi imechanganywa na dawa ya pili ya minyoo ya maini, kwa lita 200 zenye kamba na minyoo mizuri ya kwenye mchanga, unaua wale wasio na hatia, wanaoza, maji yanachafuka, na wale wawili uliokuwa unawatafuta wanakaa hapo wakikuangalia.

Maadui wako ni wawili na hawafanani kabisa. Mmoja anaongezeka kwa vipande, mwingine kwa mayai, na ndio maana kila kitu umejaribu kimekataa. Kisu kinamsaidia wa kwanza, na dawa yoyote ya kuogeshea matumbawe inamuacha wa pili kwa yai. Ukishajua hivo kazi yenyewe si ngumu, ni ndefu tu.

Tuanze na vimaua. Hiyo ni aiptasia, wengine wanaiita anemoni ya kioo kwa sababu mwili wake unaonyesha hadi ndani. Rangi ya kahawia inatoka kwa vijimwani vilivyo ndani ya nyama yake, vinamtengenezea chakula kutoka kwa mwanga, kwa hivyo hata ukipunguza chakula cha samaki bado ataishi na taa yako tu, ingawa ukilisha ovyo atanenepa haraka zaidi. Mikono yake inachoma, ikigusa matumbawe ya jirani yanajikunja na kurudi nyuma, na ndio vile anapata nafasi. Wanasayansi wanaosoma urafiki wa matumbawe na vijimwani wanampenda sana, wanamfuga maabara kama wengine wanavyofuga panya, hata jenomu yake yote ilichapishwa 2015, na sababu mojawapo ni hii hii inayokutesa wewe: ni rahisi kumfuga na hafi ovyo.

Ukimkwangua, ile sahani ya mguu wake inaacha vijipande kwa jiwe, na kila kijipande kinaota anemoni mpya. Huhitaji hata kumkata, yeye mwenyewe akitembea kwa jiwe anaacha vipande vya mguu nyuma yake. Sisi wa huku ziwani hatushangai, hyacinth iko hivo hivo, unakatakata leo, vile vipande vinaelea hadi ghuba ingine na vinaanza maisha. Kwa hivyo kisu weka chini leo.

Kitu kinafanya kazi ni kumlisha kitu cha kumchoma akiwa amefungua mdomo. Dawa za duka ziko, Aiptasia-X ya Red Sea ndiyo utasikia sana, ukiipata Nairobi nunua na ufuate chupa. Usipoipata, tumia kalisiamu haidroksaidi safi, ile inauzwa ya tanki kwa jina la kalkwasser au ile ya kiwango cha chakula. Na hapa tafadhali, si chokaa ya kupaka ukuta kutoka hadwea, ile hujui imechanganywa na nini, na nimeona mtu akiitumia ati kwa sababu "chokaa ni chokaa". Changanya sehemu moja ya unga na mbili za maji ya RO (yaliyochujwa hadi madini yaishe), iwe nzito lakini ipite kwa sindano. Nunua kemisti sirinji ya mililita 3 au 5 na sindano nene. Vaa miwani, hii kitu ikiingia jichoni inachoma vibaya.

Zima pampu zote maji yatulie. Subiri afungue kabisa. Sogeza sindano polepole kutoka upande, usimpe kivuli wala kumgusa mikono, juu akishtuka anarudi ndani ya shimo na hapo umemkosa kwa siku hiyo, na usiendelee kumchokoza. Ukifika katikati kwa mdomo, sukuma kidogo kidogo aanze kuimeza, halafu mfunike wote. Acha pampu zimezimwa dakika kumi hadi kumi na tano, kisha washa. Ile masalio meupe ivute na mpira mwembamba isiende kutua kwa matumbawe.

Usizidishe mililita mbili tatu za mchanganyiko kwa siku moja kwa tanki ya lita 200. Kalkwasser inapandisha pH na alkalini, ukijaribu kuwamaliza wote Jumamosi moja utawamaliza pamoja na matumbawe. Anza na wale wakubwa, halafu walio karibu na matumbawe, ngoja siku tatu nne, rudia. Watakaorudi watakuwa wadogo, hao unawapiga wakiwa bado wadogo kabla hawajaanza kuacha vipande. Kama kuna jiwe dogo unaeza kulitoa nzima na lina aiptasia kumi na hakuna matumbawe wala zoa juu yake, litoe tu likauke juani wiki kadhaa, utalirudisha baadaye kama jiwe kavu. Kuna wanaotumia juisi ya limau kwa sindano, inafanya kazi nusu nusu. Siki hata usijisumbue. Kumziba na epoksi kwa shimo lake inafaulu kama shimo lina mlango mmoja, lakini mawe ya bahari yana milango mingi kuliko hoteli, utamziba hapa atokee upande ule.

Sasa najua utaambiwa ununue kamba wa peremende, wale wadogo wenye mistari myekundu, wakule hizo aiptasia. Ni kweli wanakula, hasa ndogo ndogo, na ni nzuri kwa kusafisha zile utaacha baada ya sindano. Lakini kuna mtego hapa kwetu. Kamba wa peremende anayesifiwa kwa kazi hiyo ni Lysmata wa pande za Atlantiki, Karibi na Florida huko. Kwenye bahari yetu kuna mwingine anafanana naye kwa mbali, Rhynchocinetes durbanensis, huyo mgongo wake umepinda na ana mistari myeupe katikati ya ile myekundu, macho makubwa, pua ndefu inayochezacheza. Huyo hataki aiptasia yako, anataka zoa zako. Kwa hivyo mtu akikuambia ana peremende "fresh ametolewa Kilifi jana", angalia mgongo kwanza. Ukiona nundu na mistari myeupe, mwambie asante.

Kuna pia samaki, yule filefish anayeitwa Acreichthys tomentosus, huyo ni wa Bahari ya Hindi pia na anakula aiptasia vizuri sana, ila siku zikiisha anaanza kuonja matumbawe, si wote lakini wengine. Kipepeo raccoon, Chaetodon lunula, atakumalizia aiptasia wiki moja na matumbawe wiki inayofuata, huyo wachana naye. Berghia, yule konokono mweupe asiye na gamba anayekula aiptasia tu na hakuna kingine, ndiye ningekupendekezea kwanza kama ungekuwa Marekani, juu wanazalishwa na kuuzwa kwa posta. Hapa lazima aagizwe kutoka nje, na ukimweka pamoja na kamba wa peremende au samaki aina ya wrasse wanamla usiku wa kwanza, umelipa dinner ya kamba. Kwa tanki yako mimi ningeenda na sindano, halafu kamba wawili watatu wa kweli wakipatikana. Basi.

Sasa montipora, na hapa ndio nataka uwe mwangalifu juu hii inaeza kumaliza tumbawe zima mwezi huu ukiangalia tu.

Kwanza hakikisha ni kuliwa, si kubadilika rangi. Ukiona weupe lakini ukikaribia bado kuna nyama nyembamba na vitundu vya polipu vinaonekana, hiyo ni stresi, taa au joto au alkalini, hakuna mdudu hapo. Ukiona nyama imeisha kabisa, mfupa mtupu, na mstari uko wazi kati ya kijani na nyeupe, halafu ule mfupa baada ya siku chache unaanza kushika mwani wa kijani au kahawia, kuna mtu anakula au tishu inakufa. Mstari ukianzia ukingoni au upande wa chini wa tumbawe, ile sahani ya montipora, na unasonga kidogo kidogo kila asubuhi, namshuku yule konokono.

Subiri taa zizime lisaa limoja au mawili. Chukua tochi, funika kioo chake na kitu chekundu hata karatasi ya peremende itafaa, na umulike upande wa chini wa sahani. Unatafuta vitu vyeupe vya milimita chache, mgongoni vina vidole vidole vinavyofanana kabisa na polipu za montipora, ndio maana mchana huwezi kuwaona hata ukiweka pua kwa kioo. Pembeni yao kutakuwa na mayai, kichala cheupe kimeng'ang'ania mfupa, mara nyingi palepale nyama inapoishia. Ukiona mayai tu bila mdudu, huo ni ushahidi wa kutosha.

Huyo jamaa wamempa jina rasmi 2020 tu, Phestilla subodiosa, ingawa watu wa matanki walikuwa wanamlaani miaka mingi kabla. Anakula montipora, na ndio udhaifu wake, hataki kitu kingine. Bila montipora anakufa njaa.

Kwa hivyo fanya hivi. Toa montipora zote mbili, hata ile inaonekana mzima, hata vijipande vilivyokatika vikaanguka nyuma ya mawe, vitafute. Tanki kubwa ikae bila montipora hata moja wiki sita angalau, wale wamebaki na wale wataanguliwa watakosa chakula. Hiyo ndiyo njia pekee ya kusafisha tanki kubwa, juu hakuna dawa ya kumwaga mle ndani itakayowaua hao bila kuua nusu ya mji.

Hizo montipora zitaishi wapi wiki sita? Tanki ndogo ya lita thelathini au arobaini, hata beseni safi ya plastiki ambayo haijawahi kuona sabuni, bila mchanga, bila mawe, hita, pampu ndogo ya kusukuma maji, na taa ya kutosha. Chumvi 1.026 kwa kipimo cha uzito wa maji, joto nyuzi 25 au 26. Hapo Nakuru mko juu, kama mita 1,850, usiku wa Julai nyumba inapoa hadi maji ya tanki ndogo yanaanguka nyuzi kadhaa kabla ya alfajiri, sisi Kisumu tunahangaika na feni nyinyi mnahangaika na hita. Stima ikipotea funga beseni na blanketi. Na kitu kingine cha urefu huo ambacho watu wa Mombasa hawana haja ya kuwaza, hewa yenu ni nyepesi, kwa hivyo maji yenu hushika oksijeni pungufu karibu asilimia 20 kuliko ya pwani. Siku za kawaida haisumbui kama pampu zinavunja uso wa maji vizuri. Lakini siku unaua vitu vingi kwa tanki, au pampu zimezimwa, ama stima imeenda, unaona haraka. Weka kijiwe cha hewa cha betri karibu.

Halafu kuogesha. Dawa za kuogeshea matumbawe ziko za aina nyingi, Coral RX, Revive ya Two Little Fishies, utakachopata, kipimo fuata kilichoandikwa kwa chupa. Tumia maji ya tanki, si maji ya mfereji, na joto liwe sawa. Ndani ya dakika za kuogesha tumia sirinji kubwa bila sindano ama ile ya kumwagia nyama supu, puliza maji kwa nguvu kila pembe hasa chini, utawaona wakidondoka. Iodini peke yake, iwe Lugol ama ile ya kemisti ya vidonda, usiitegemee kwa hawa, inasaidia kidonda cha tumbawe kisioze lakini konokono wengi wanatoka wamelewa tu, wakirudi maji safi wanaamka. Suuza kwa beseni ya pili, kisha ya tatu, ndio urudishe. Yale maji ya dawa usiyarudishe kwa tanki yoyote, mwaga jiki ndani yake, yakae, halafu choo.

Mayai sasa. Hakuna dawa ya kuogeshea inayoua mayai, wacha mtu asikudanganye. Mayai unayatoa kwa mkono: mswaki mgumu, ncha ya kisu, na bora zaidi kata kabisa ule mfupa mtupu uliokufa, juu ndipo wanataga. Montipora haichukii kukatwa. Ing'oe kutoka kwa ile plagi, kile kitako cha saruji ilichobandikwa nacho Nairobi, tupa plagi, ibandike kwa mpya na supagluu ya jeli. Plagi za zamani zina vishimo chini na hapo ndipo mayai husafiri kutoka tanki ya mtu hadi ya mtu.

Rudia kuogesha kila siku tano hadi saba, wiki sita. Hiyo ratiba ndiyo watu huvunja. Wiki ya kwanza wanaona kumi wameanguka, wiki ya pili mmoja, wiki ya tatu hakuna, wanafurahi wanarudisha tumbawe kwa tanki kubwa, na yale mayai mawili waliyokosa kwa mswaki yanaangua wiki ya nne. Ukikosa kuona hata mmoja kwa kuogesha mara tatu mfululizo na hakuna mayai mapya chini ya sahani, na wiki sita zimeisha, sasa rudisha. Kila siku ya kuogesha badilisha robo ya maji ya beseni, na maji mapya yawe ya RO yanayosoma sifuri kwa TDS, kile kipimo cha madini yaliyoyeyuka. Maji ya visima vya Nakuru unajua mwenyewe, floraidi na madini mengine yamejaa, yale si ya kuchanganyia chumvi ya tanki. Maji ya RO ya duka la kuuza maji pia pima kabla ya kuyaamini, wengine wanaongeza madini ili yawe na ladha.

Zoa yako iangalie pia wakati huu, ilikuja kwa bahasha moja na hizo zingine. Kuna konokono asiye na gamba wa zoa ambaye anachukua hadi rangi ya ile zoa anayokula, na kuna wa gamba, mviringo kama kofia bapa yenye mistari, anaitwa sundial. Zoa zikikataa kufunguka siku tatu bila sababu, chunguza katikati ya shina zao. Ukiogesha zoa, glavu na miwani, nimeshasema.

Vitu vingine utaviona usiku na tochi na vitakutia baridi lakini viache. Minyoo ya nywele, ile mirefu ya pinki inayotoka chini ya mawe, hiyo ni wafagiaji, wanakula mabaki, usimshike tu kwa mkono mtupu. Nyota ndogo nyeupe za asterina, wengi wao hawana neno. Lakini ukiona vitu bapa vya rangi ya kutu vyenye mkia wa ncha tatu vimetandaza juu ya mawe na matumbawe, hao ndio minyoo bapa, na hao ukiwaua wote kwa mpigo wanatoa sumu ndani ya maji, kwa hivyo wanavutwa na mpira kwanza siku kadhaa, halafu ndio dawa yao, na kaboni mpya iko tayari kwa filta. Hujataja hao, kwa hivyo naachia hapo.

Kuna mtu pia atakuambia, kama ameona kwangu swali lako, kwamba badala ya kununua vipande vya Nairobi ungeshuka tu Watamu au Diani urudi na jiwe moja zuri kwa buti. Usifanye. Watamu na Malindi ni hifadhi za baharini tangu 1968, matumbawe ya mawe yote yako kwa orodha ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini, na KWS ndio wanatoa vibali, hawatacheka na wewe. Na jiwe la bahari linakuja na kila kitu, kaa, kamba anayepiga ngumi hadi kioo kiteteme, na aiptasia nyingine.

Kuuza tanki? Ukitaka kuuza uza kwa sababu umechoka, si kwa hawa. Lakini usiiuze sasa hivi bila kumwambia mnunuzi, na vipande usimpe mtu yeyote hadi wiki sita ziishe. Kwa huyo jamaa wa Nairobi, mpigie. Usimpigie kwa hasira, pengine hajui. Mwambie aangalie montipora zake zote usiku upande wa chini, kwa sababu kama alikuuzia mayai, bado anayo, na wiki hii anauzia mwingine.

Na kabla hujanunua dawa yoyote, nitumie picha mbili, moja ya aiptasia ikiwa imefunguka mchana, nyingine ya chini ya hiyo sahani ya kijani masaa mawili baada ya taa kuzima. Ikiwa hakuna mayai hapo nitakuuliza alkalini yako inasoma ngapi na tutaanza mazungumzo mengine kabisa.